Milimita Kumi na Tisa

3 Novemba. Mvua: milimita 4.

Mvua zimeanza. Saa moja asubuhi nimekwenda kwenye kipimo changu kando ya mfereji, kama ninavyokwenda kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na minne, nimesoma nne, nimeandika nne. Daftari la ofisi ya umwagiliaji halitaki maneno. Linataka tarehe, tarakimu na sahihi. Maneno nayaleta huku, kwenye daftari langu ninalolificha ndani ya kopo la biskuti.

Mke wangu Endah ana mimba ya miezi mitano na nusu. Tumeoana miaka tisa. Mimba mbili za mwanzo hazikufika mwezi wa nne, na mpaka leo hatuzitaji. Kwa hiyo mama yake, Mbok Painem, ameshuka kutoka mlimani kuja kuilinda hii, na kila asubuhi ananiletea mwiko mpya pamoja na chai.

4 Novemba. Mvua: 0.

Mwiko wa leo: mume wa mjamzito haui kiumbe. Hachinji kuku, hapigi mbwa, hamkanyagi hata chura. Kiumbe akiteswa, mtoto huzaliwa na alama yake.

"Hata mende, Mbok?"

"Hata mende. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, pangusa tumbo la mwenzio useme balaa lipite mbali."

Endah, ambaye huniita Mas kama wake wa huku wanavyowaita waume zao, alicheka. "Mas akianza kuomba radhi kwa mende, jikoni hatatoka mpaka Idi."

11 Novemba. Mvua: 22.

Kuna kitu darini. Kinakimbia kutoka upande wa jiko mpaka juu ya kitanda chetu, kinasimama, kinarudi.

12 Novemba. Mvua: 31.

Nimepanda ngazi hadi kwenye tundu la dari, na nimekiona. Pua ndefu, macho kama vichwa vya pini, harufu inayokata pumzi. Kirukanjia! Nimeshuka nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. Kirukanjia si panya. Anakula mende, hagusi gunia, na kinyesi chake ni kidogo, kimechongoka, kinanuka. Nimewaeleza wote wawili, nikawaonyesha punje moja kwenye karatasi, nikaipima kwa rula: milimita nane.

"Ona mwalimu," akasema Endah. "Hata mavi anayapimia rula."

Wamecheka, na mimi nimecheka zaidi yao. Hapa niandike ukweli, maana kopo la biskuti halina mdomo. Mimi naogopa panya. Siogopi kama watu wanavyosema wanaogopa, naogopa mpaka magoti yanalegea. Nilipokuwa na miaka sita panya alinitafuna kidole cha mguu nimelala, akiuma na kupuliza, sikusikia kitu. Niliamka asubuhi shuka likiwa limenigandia mguuni kwa damu. Endah hajui. Anadhani kile kidole kilikatwa na jembe.

20 Novemba. Mvua: 18.

Siku ya kawaida. Mfereji umejaa.

29 Novemba. Mvua: 40.

Endah anatengeneza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, na kuiuza, na magunia ya soya yamepangwa jikoni, kule nyuma kwenye kuta za mianzi na sakafu ya udongo. Leo gunia moja lina tundu chini, pembeni. Nimesema limechanika wakati wa kushusha. Mbok alinitazama kidogo, akaendelea kufunga tempe kwenye majani ya mgomba.

Jirani yetu, Pak Giyono, alipita kununua.

"Sarwono, kwako wameshahamia? Mto umepanda, mashimo yao yote yamejaa maji. Kwangu Mabwana Wazuri wamekula mpaka sabuni."

Sisi hapa panya hatumtaji jina ndani ya nyumba. Ukimtaja kwa dharau anasikia, na kesho utakuta nguo zako zimekuwa vitambaa. Kwa hiyo tunamwita Bwana Mzuri, kwa heshima, kama mkwe tajiri.

"Kwetu ni kirukanjia tu," nikasema.

"Haya bwana. Wenye bahati zenu."

15 Desemba. Mvua: 12.

Leo ilikuwa sherehe ya mwezi wa saba. Majirani walikuja, Endah alimwagiwa maji ya maua, na ilipofika zamu ya kumvisha vitenge saba kimoja baada ya kingine, wanawake walikuwa wakiitikia kwa kila kimoja, "Bado! Bado!" mpaka cha saba ndipo waseme, "Hicho ndicho!"

Mbok alifungua sanduku kutoa cha saba, kile alichoolewa nacho yeye mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Pembeni kilikuwa na tundu la upana wa kiganja, kingo zimetafunwa nadhifu. Mkono wake ulisita. Kisha akakikunja sehemu ile kwa ndani, akamzungushia binti yake kiunoni, wanawake wakapiga kelele, "Hicho ndicho!"

Nilidhani amelichukua kuwa dalili mbaya tu, kama anavyochukua kila kitu, na nilimkasirikia kwa ule uso wake wa msiba kwenye sherehe ya watu.

22 Desemba. Mvua: 57.

Darini sasa hakuna tena mbio za miguu midogo. Kuna kitu kizito kinachojiburuta. Endah ameniuliza, "Mas, kirukanjia wanakuwa wakubwa kiasi hicho?" Nimemjibu mvua inafanya dari itoe mwangwi.

30 Desemba. Mvua: 44.

Pak Giyono ameleta mitego miwili ya chuma bila kuombwa. "Itege ukutani, mdomo uangalie ukuta. Wao hutembea wakijisugua kwenye ukuta, hawapiti katikati kama sisi."

"Mwiko," nikamwambia. "Mke wangu mjamzito."

"Aa, kweli. Basi mama mkwe atege."

"Mimi?" Mbok akaruka. "Damu ya nyumba ni moja. Nikiua mimi ameua yeye."

Giyono akaondoka na mitego yake. Nilimshukuru Mbok kimoyomoyo, na papo hapo niliona aibu. Tangu aje nimekuwa nikiidharau miiko yake, leo nimejificha nyuma ya mmoja kama mtoto nyuma ya mlango.

4 Januari. Mvua: 0.

Ndiyo siku ya kwanza kavu baada ya siku kumi na tisa. Nilitoka kwenye kipimo rula ikiwa bado mkononi, nikapitia jikoni. Nyuma ya pipa la maji, kandokando ya ukuta, kulikuwa na vinyesi. Vingi. Vilikuwa vinene, butu ncha zote mbili. Kwenye ukuta kulikuwa na mstari mweusi wa mafuta, pale manyoya yanaposugua kila wanapopita. Chini ya ukuta lilikuwepo shimo ambalo ngumi yangu ingeingia.

Nilichuchumaa, nikapima kimoja. Milimita kumi na tisa.

Kirukanjia hana kinyesi cha kumi na tisa. Hata panya wa darini hana. Huyo ni panyabuku wa mashambani, yule anayefika kilo nzima na hamkimbii paka. Nikakaa kwenye udongo. Daftari la ofisi lilikuwa kwapani na kalamu sikioni, na mkono una mazoea yake: nikaandika 19 kwenye safu ya mvua.

Nilipogundua, wino ulikuwa umeshakauka. Kanuni yetu ni kwamba tarakimu haifutwi. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja tu, libaki likisomeka, kisha unaandika sahihi pembeni. Nikakata mstari mmoja. Nikaandika 0, nikatia sahihi.

Endah alikuja mlangoni ameshika kiuno. "Umeona nini huko, Mas?"

"Kirukanjia," nikasema. "Wamekuwa wengi kidogo."

Basi. Nimelisema hivyo hivyo, huku rula iko mkononi. Mpaka leo nilikuwa najidanganya mwenyewe, hilo nilikwishalizoea. Leo nimemdanganya yeye.

6 Januari. Mvua: 96.

7 Januari. Mvua: 131.

Mto umevuka tuta. Mbele ni kukavu, lakini jikoni maji yamefika vifundoni, ya kahawia, yanaelea maganda ya soya na vitu vingine ambavyo sikutaka kuvitazama. Nilishinda kwenye milango ya mfereji na wenzangu. Niliporudi nilimkuta Endah yumo majini peku, anayaokoa magunia. Kisiginoni ana mpasuko wa siku nyingi, ule wa wajawazito.

"Toka humo!" Nilipiga kelele mpaka Mbok akaja mbio.

"Maji tu haya, Mas. Unanikaripia nini?"

Nilikuwa na sababu mdomoni, tayari kabisa. Nikaimeza.

9 Januari. Mvua: 15.

Maji yamepungua. Mbok ndiye anayefagia jikoni, alfajiri, kabla Endah hajaamka. Nilifikiri ni ule utaratibu wake wa kizee.

17 Januari. Mvua: 28.

Endah ana homa tangu jana. Kichwa kinamgonga, miguu inamuuma. Nimempakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, Mbok akafuata na ya Giyono. Muuguzi alikuwa mtu mzuri, mwenye haraka. Aliuliza maswali huku akiandika.

"Umekanyaga maji ya mafuriko?"

"Kidogo."

"Nyumbani kuna panya?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma ya kiti cha mke wangu. Endah akajibu mwenyewe, kwa uhakika wote, na hata akatabasamu kwa kujivunia. "Hapana dada, kirukanjia tu. Mume wangu amewapima kwa rula."

Muuguzi akacheka, akaandika. Tumepewa dawa za kushusha homa na tukaambiwa apumzike. Mdomo wangu nilikuwa nao. Ulikuwa usoni pangu, na haukufunguka.

18 Januari. Mvua: 9.

Homa haishuki.

19 Januari. Mvua: 0.

Hawezi kusimama. Nikimgusa misuli ya nyuma ya miguu analia. Macho yamekuwa mekundu bila tongotongo. Anashika tumbo na kuuliza, "Amecheza leo? Mas, weka mkono, mimi sisikii." Nimeweka mkono. Nimekaa muda mrefu. Naogopa kuandika nilichohisi, kwa sababu sikuhisi kitu.

20 Januari. Sikupima mvua.

Naandika haya hospitali ya wilaya, kwenye benchi. Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne kuacha nafasi tupu.

Asubuhi macho ya Endah yalikuwa ya njano. Tulifika hapa saa mbili. Daktari ni msichana mdogo mwenye miwani, nilidhani mwanafunzi. Alisoma karatasi ya kituo cha afya. "Hapa pameandikwa hakuna panya. Kwa hiyo tuanze na ini..."

"Daktari." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Wapo. Panyabuku. Wamo jikoni wiki nyingi. Kinyesi milimita kumi na tisa, shimo upana wa ngumi, na yeye ameingia kwenye yale maji peku, tarehe saba, na kisigino kimepasuka."

Alinitazama juu ya miwani. Hakuuliza kwa nini. "Siku kumi na tatu," akasema, akainuka. "Homa ya mgunda. Mkojo wa panya kwenye maji. Mngesema juzi, baba." Wakampeleka ndani, wakamtundikia dawa kwenye mshipa. Wamesema figo zake zinasumbuka. Wamesema moyo wa mtoto unasikika lakini wanausikiliza kila saa.

Nikabaki na Mbok kwenye benchi. Nilingoja anilaani. Nilitaka anilaani. Yeye alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa navifagia vinyesi vyao kila alfajiri, Endah asivione. Vikubwa kama punje za kahawa. Tangu kabla ya sherehe. Na kile kitenge, ulidhani sikujua nani amekitafuna?"

"Mbona hukusema, Mbok?"

"Ningesema, wewe mwanamume ungefanya nini? Ungewaua. Nikaogopa mwiko. Nikasema afadhali tundu kwenye kitenge kuliko alama kwa mtoto. Wewe nilikuona na rula yako, unasema kirukanjia, nikasema Mungu amemfumba macho, acha abaki hivyo."

"Nisingewaua," nikasema. "Nawaogopa."

Aligeuka kunitazama. Nikamwonyesha kidole cha mguu, nikamweleza yote, miguu yangu ikiwa juu ya vigae vya hospitali na watu wakipita. Hakucheka. Akasema polepole, "Mama yangu alinifundisha mwiko ule ili mwanamume asizoee ukatili mkewe akiwa na mimba. Hakuniambia niwatandikie kitanda. Mimi ndiye niliyeuongezea." Kisha akalia, na mimi nikalia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya tumeyaficha wawili, na anayeumbuliwa yumo mle ndani.

22 Januari.

Figo zinafanya kazi kidogo. Kidogo, wamesema.

24 Januari.

Amezaliwa. Msichana, kilo mbili na robo, amelia mwenyewe bila kupigwa. Endah yu hai. Nimetafuta alama mwilini mwa mtoto, kila mahali, kama polisi. Hana.

25 Januari. Mvua: 6.

Kondo nilikabidhiwa kwenye mfuko, na ni kazi ya baba. Nimevaa glavu kama alivyoagiza daktari, nimeliosha, nimeliweka kwenye chungu pamoja na chumvi na penseli ili msichana awe msomi, nimelibeba kwa kanga kama mtoto, na nimelizika kushoto kwa mlango kwa kuwa ni wa kike. Juu yake tumefunika kapu, na ndani ya kapu taa. Itawaka siku thelathini na tano. Huyu kondo ni mdogo wake, alizaliwa nyuma yake. Akichimbuliwa na mnyama, mtoto hatatulia.

Mbok alilitazama kapu, akatazama upande wa jiko. "Mwiko umekwisha jana," akasema. Alimaanisha kwamba sina tena pa kujificha.

27 Januari. Mvua: 33.

Kulipopambazuka, kapu lilikuwa limesogezwa. Ardhi imekwanguliwa, shimo la kina cha vidole viwili, na matopeni nyayo, ndefu, na mkia umeburutwa katikati. Chungu hakijafikiwa. Nimejaza udongo na nimeweka mawe pembeni mwa kapu. Jiwe moja limeniponyoka, likaangukia kile kidole changu.

Nilikwenda kwa Giyono kuazima mitego. Akafungua mdomo kutania, akaona uso wangu, akaufunga.

31 Januari. Mvua: 3.

Endah na mtoto wamerudi. Amekonda, ngozi bado ina unjano. Tunalala wote chumba cha mbele. Mitego haijanasa, ni wajanja, kitu kipya hawakigusi. Giyono anasema niiache bila kuitega siku kadhaa, na chambo juu yake, wazoee.

6 Februari. Mvua: 0.

Ofisi imeulizia fomu ya Januari. Endah ndiye huwa ananinakilia, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Nilimwambia aache, akasema amechoka kuwa mgonjwa, lete. Akaketi kitandani, mtoto pajani, daftari gotini.

"Mas, tarehe nne."

Nilijua kabla hajamaliza.

"Umeandika kumi na tisa, umekata. Siku hiyo jua liliwaka, nilianika soya. Kumi na tisa ya nini?"

Uongo ulikuwepo. Ulikuwa mwepesi: nilichoka, nilisoma mstari wa jana. Angeamini, kama alivyoamini kirukanjia. Lakini ule mstari mmoja ulikuwa juu ya ile tarakimu na tarakimu ilikuwa inasomeka vizuri kabisa.

"Ni kinyesi," nikasema. "Nilikipima asubuhi ile. Nilijua ni panya, Endah. Ulipouliza, nilijua. Na pale kwa muuguzi ulipojibu, nilikuwa nyuma yako na nilijua. Nawaogopa. Kidole hiki hakikukatwa na jembe."

Mtoto akaanza kuhangaika. Akamtia ziwani. Akaichukua kalamu, akaandika 0 kwenye fomu, kwa ule mwandiko wake mzuri, na akaendelea na tarehe tano, na sita, na saba. Alipofika ishirini, pale palipo patupu, akasimama.

"Nenda kawaue," akasema bila kuniangalia. "Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, ndipo umshike mwanangu."

Alisema mwanangu. Nikavaa buti.

7 Februari. Mvua: 14.

Mmoja, mtegoni nyuma ya pipa. Alikuwa hajafa. Ilibidi nimalize kwa jembe. Nilitapika, kisha nikafukia.

8 Februari. Mvua: 2.

Wawili. Sikutapika.

10 Februari. Mvua: 0.

Soya yote imehamia kwenye mapipa ya bati yenye vifuniko. Shimo nimelijaza wavu wa chuma na vipande vya chupa, juu yake saruji. Kuta za mianzi nimezizungushia bati chini. Vinyesi sivifagii vikiwa vikavu, navilowesha kwanza kwa dawa ya klorini, kama alivyosema daktari. Usiku nanyunyizia majivu sakafuni, asubuhi nasoma nyayo. Mbok anashika ndoo. Hatuzungumzi sana, lakini leo aliniambia, "Pale kushoto umeacha ufa," kwa sauti anayotumia kwa wanawe.

13 Februari. Mvua: 8.

Mmoja, mkubwa kuliko wote. Bado naogopa. Nilidhani itaisha, haiishi, naua huku naogopa. Endah ananijibu ninapomsemesha, basi.

17 Februari. Mvua: 0.

Majivu hayana nyayo.

21 Februari. Mvua: 1.

Hayana.

28 Februari. Mvua: 0.

Siku ya thelathini na tano. Nimezima taa, nimeondoa kapu. Ardhi imetulia, jani limeanza kuota. Nimepima urefu wake: milimita kumi na moja. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale na rula yangu niliposikia sauti ya Endah kutoka chumbani, ile sauti yake ya zamani ya kunigombeza.

"Mas! Unapima nini huko? Mwanao analia!"

Nimekimbia. Mlangoni nimekumbuka sabuni, nikarudi kunawa.